Wachezaji Wanauzima Muziki Wangu, na Karatasi ya Mkataba Inanisubiri

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mpiga kinanda. Nilianzia kwenye kwaya, baadaye nikajifunza kurekodi kwa kompyuta, na siku hizi watu hunipa kazi za kutengeneza biti na kupanga nyimbo zao. Kwenye muziki si mgeni. Ugeni wangu uko kwenye hili ninalokuandikia.

Rafiki yangu tuliyesoma naye ni programa. Yeye na mwenzake mmoja anayechora wanatengeneza gemu, na wameniomba niwatungie muziki. Gemu yenyewe inamhusu binti anayepita msituni usiku akiwatafuta wadogo zake, huku kuna ndege mkubwa anamwinda. Nilifurahi mno. Nikakaa nikatunga wimbo wa dakika nne: unaanza taratibu na kinanda, inaingia filimbi, kisha ngoma, unapanda mpaka kilele kwenye dakika ya tatu, halafu unashuka na kumalizika vizuri. Kila niliyemsikilizisha aliusifu.

Wakauweka ndani ya gemu na kuwaita watu waijaribu. Shangazi, niliona aibu. Kilele kilifika wakati binti amesimama anasoma kibao cha njia. Ndege alipotokea, ilikuwa zamu ya filimbi, tena pale penye upole kabisa. Wimbo ukaisha, kukawa kimya kidogo, ukashtuka na kuanza upya. Baada ya muda nikaona mmoja anaingia kwenye mipangilio anazima muziki, anabakiza sauti za miguu na upepo. Mwingine naye akafanya hivyo hivyo. Nilipowauliza walisema, "Wimbo mzuri, ila unachosha."

Rafiki yangu hakunilaumu. Ameniambia tu nitengeneze "kitu kama kile cha gemu ile maarufu", akanitajia jina, na kwamba anahitaji jumla ya dakika thelathini. Yule mchoraji anasema nikishindwa wataitumia akili bandia iwazalishie. Juu ya hayo wameniletea karatasi ya kusaini: muziki wote nitakaotunga ni mali ya mradi milele, na malipo yangu ni asilimia kumi ya faida gemu ikianza kuuzwa. Hakuna kianzio. Sitaki kuonekana mwenye tamaa kwa marafiki, lakini kalamu inanigomea.

Je, nina kipaji cha kazi hii au nirudi kwenye biti zangu? Na ile karatasi nifanyeje? Nimekuambatanishia wimbo uusikie.

Mpiga Kinanda Msituni

*

Marahaba, mwanangu.

Wimbo nimeusikiliza, na kabla ya lolote: ile sehemu ya filimbi usiitupe. Wanaosema wimbo unachosha wanasema kweli, na waliousifu nao walisema kweli. Umemtungia mtu aliyetulia anasikiliza, na mchezaji hajatulia, ana ndege nyuma yake.

Hapo ndipo muziki wa gemu unapoachana na nyimbo ulizozizoea, na hata muziki wa filamu. Mtunzi wa filamu hupewa picha ikiwa imeshakatwa. Anajua mlango utafunguliwa dakika ya pili na sekunde ya kumi, basi anazipandisha fidla mpaka hapo. Wewe hujui mlango utafunguliwa lini. Mchezaji mmoja atafika pangoni kwa sekunde ishirini, mwingine atazunguka robo saa akichungulia kila kichaka, wa tatu ataiacha gemu inaendelea aende kupokea simu. Saa ameishika mchezaji. Kilele chako kimetua kwenye kibao cha njia kwa sababu wimbo haukuwa na namna ya kujua kwamba binti amesimama.

Usidhani hili ni jambo la kisasa linalohitaji mitambo mikubwa. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa gemu ya Space Invaders, na muziki wake ulikuwa noti nne tu za besi zinazoshuka, zikirudiwa bila kukoma. Kadiri wavamizi walivyopungua, waliobaki walikimbia zaidi, na zile noti nne zikakimbia nao. Mpaka unafika kwa yule wa mwisho jasho linakutoka. Noti nne! Mwaka 1985 Koji Kondo akatunga muziki wa Super Mario Bros. kwa mashine ya Nintendo iliyokuwa na njia tano za sauti na basi: mbili za melodi, moja iliyotumika sana kwa besi, moja ya mchakacho kwa ajili ya ngoma, na moja ya sauti fupi zilizorekodiwa. Muda uliobaki ukishuka chini ya 100, muziki unaongeza mwendo na mchezaji anajikuta anakimbia bila kuambiwa. Wote wawili walitunga kitu kinachoujua mchezo umefika wapi. Hicho ndicho kimekosekana kwenye wimbo wako. Kipaji unacho.

Sasa tuufungue wimbo wako mezani. Nimeuhesabu: unakwenda mapigo 90 kwa dakika, na kila fungu lina mapigo manne. Maana yake fungu moja linachukua sekunde mbili na theluthi mbili hivi. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

Chukua ule mkono wa kushoto wa kinanda wa mwanzoni, ule unaotembea polepole. Hilo ndilo tabaka la kwanza: msitu mtupu, hakuna hatari. Filimbi iwe tabaka la pili, kwa ajili ya pale binti anapokaribia kitu cha wadogo zake, kiatu kilichoanguka au utepe. Ngoma ziwe tabaka la tatu, ndege akiwa karibu. Matabaka yote matatu yawe na mwendo mmoja, ufunguo mmoja na urefu mmoja, tuseme mafungu 32, ambayo ni kama sekunde 85. Kisha umkabidhi programa mafaili matatu yaliyotenganishwa, siyo moja lililochanganywa. Gemu inayaanzisha yote kwa wakati mmoja, filimbi na ngoma zikiwa zimefungwa sauti hadi sifuri. Ndege akisogea, ngoma zinafunguliwa pole pole. Akiondoka, zinafungwa. Hakuna kukatika kwa sababu zilikuwa zinapiga muda wote, mchezaji alikuwa hazisikii tu.

Njia ya pili ni kuruka kutoka kipande kimoja hadi kingine: msitu, kufukuzwa, kuokoka. Hii inafaa pale hali inapobadilika kabisa na mwendo wa zamani hautoshi, kwa mfano ndege ameshamshika binti mabega. Ila lazima uamue kuruka kunaruhusiwa wapi. Ukiruhusu katikati ya pigo, sikio litasikia kama diski imekwaruzwa. Ukisema gemu isubiri hadi mwisho wa fungu, kwa mwendo wako mchezaji atasubiri chini ya sekunde tatu, na hilo linavumilika. Ukitaka uungwana wa kimuziki, isubiri hadi sentensi ya mafungu manane iishe, basi atasubiri hadi sekunde 21. Kwa sekunde 21 yule ndege ameshamaliza kazi yake na anajifuta mdomo.

Hata zile sekunde chini ya tatu zina dawa. Tengeneza pigo fupi la kujitegemea, ngoma moja nzito na matoazi, lisilofuata mapigo ya wimbo. Gemu inalipiga papo hapo ndege anapojitokeza. Masikio yote yanakimbilia kwenye lile pigo, na chini yake muziki unapata nafasi ya kufika mwisho wa fungu na kugeuka bila mtu kuona mshono. Wanaoijua kazi hii hutengeneza mapigo ya aina hiyo kadhaa, ili mtu asisikie lile lile kila mara.

Waliolifanya hili kuwa sayansi ni Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts. Walibuni mfumo ulioitwa iMUSE, na gemu ya Monkey Island 2 ya mwaka 1991 ndiyo ya kwanza kuutumia. Mhusika akitoka chumba kimoja kuingia kingine, muziki unasubiri mahali panapofaa, unapiga kipande kifupi cha daraja, unaingia kwenye melodi ya chumba kipya kana kwamba mpiga kinanda amekaa pale anamwangalia mchezaji. Leo huhitaji kubuni chochote. Programu za FMOD na Wwise zinafanya kazi hiyo, na zote zinakuruhusu kujifunza bila kulipa. Mwulize rafiki yako kama gemu yao inaweza kuunganishwa na mojawapo. Akisema hapana, haidhuru, matabaka matatu ya kufungua na kufunga sauti programa yeyote anaweza kuyaandika mwenyewe.

Sasa lile neno "unachosha". Lupu, yaani kipande kinachojirudia, ikiwa ya sekunde 85, mchezaji akikwama nusu saa ataisikia zaidi ya mara ishirini. Jiulize ni melodi gani duniani ungevumilia kuisikia mara ishirini mfululizo huku umekasirika kwa sababu unakufa kila mara mahali pale pale. Melodi tamu ndiyo inayochosha upesi zaidi, kwa kuwa sikio linaikumbuka na kuitegea. Kwa hiyo kwenye kutembeatembea msituni usiweke melodi inayoimbika. Weka hali tu: sauti moja ya chini inayoshikilia, kinanda kinadondosha noti hapa na pale. Melodi yako ya filimbi itunze kwa nafasi chache zinazostahili, na mchezaji atakapoisikia atajua kuna jambo.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda kuliko yote. Lupu zisiwe na urefu sawa. Kama msitu umekaa juu ya sauti moja inayoshikilia, yaani hakuna mabadiliko ya kusubiriana, fanya kinanda kijirudie kila mafungu 8 na sauti za mbali za fidla kila mafungu 7. Hazitakutana tena mwanzoni mpaka mafungu 56 yapite, karibu dakika mbili na nusu kwa mwendo wako. Umerekodi mafungu 15 tu, lakini sikio linapata muziki ambao haujirudii upesi. Usifanye hivyo kwenye sehemu ya ngoma na kufukuzwa. Pale unataka kila kitu kipige pamoja.

Na ukimya, mwanangu. Watunzi wageni huogopa kukaa kimya wakidhani wataonekana hawakufanya kazi. Minecraft, ambayo muziki wake wa awali ulitungwa na Daniel Rosenfeld anayejiita C418, humwacha mchezaji dakika kadhaa bila noti hata moja, kisha kinanda kinaingia chenyewe wakati hukukitarajia. Ndiyo maana watu wazima leo wakikisikia wanakumbuka utoto. Gemu yenu ina upepo, majani, miguu na mabawa ya ndege. Wale waliozima muziki wako wakabakiza miguu na upepo wamekupa ushauri wa bure: wanataka kumsikia ndege anatokea upande gani. Wimbo wako wa sasa, na ngoma zake nzito, unayafunika mabawa yale. Mwombe rafiki yako zile sauti, ziweke kwenye mradi wako ndani ya kompyuta, utunge ukiwa unazisikia. Mabawa yakiwa mazito chini, ngoma zako zihamie katikati au juu. Na usiikaze sauti ya muziki ikapiga kelele kama biti za redio. Gemu hupimwa ukubwa wa sauti ikiwa nzima. Sony kwa mfano hupendekeza wastani wa -24 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kwa gemu za kuchezea nyumbani, na huo ni pamoja na miguu, ndege, maneno na wewe.

Kile kimya kidogo na mshtuko kabla wimbo haujaanza upya, nina karibu hakika ni mambo mawili. Kwanza umempa MP3. Aina hiyo ya faili huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni wakati wa kubanwa, na ukiirudisha mwanzo pengo linasikika. Mpe WAV, au OGG kama wanataka faili dogo. Pili ni mwangwi. Noti ya mwisho bado inapotea hewani, wimbo unarudi mwanzo ambako hakuna mwangwi wowote, sikio linashtuka kama taa iliyozimwa ghafla. Dawa yake: unapotoa faili, piga lupu mara mbili mfululizo, kisha kata ile ya pili tu. Mwanzo wa lupu ya pili unakuwa na mkia wa mwangwi wa ile ya kwanza, na mshono unapotea.

Kuhusu "kitu kama cha gemu ile": usikasirike, na usitii neno kwa neno. Programa hana maneno ya muziki, kwa hiyo anakuonyesha kwa kidole. Kaa naye mwisikilize pamoja umwulize anachokipenda hasa. Ni mwendo? Ni aina ya ala? Ni ile hofu kwamba kitu kinakuja? Mara nyingi utagundua ni jambo moja dogo, pengine kwamba muziki ule una nafasi nyingi tupu. Hilo unaweza kulichukua. Melodi usiiguse.

Dakika thelathini nazo ni namba iliyotoka hewani. Mwambie umeomba orodha: gemu ina hali ngapi, mchezaji hukaa kwenye kila hali kwa muda gani, na nini kinamtoa pale. Na muhimu kuliko orodha, akupe gemu yenyewe uicheze, hata kama bado ni michoro ya masanduku. Ucheze mpaka ukwame, ufe, ukasirike. Kwa gemu uliyoielezea, sitashangaa ukikuta dakika saba au nane zilizokatwa vizuri zinatosha, na zitakuwa na kazi zaidi ya dakika thelathini za nyimbo zenye mwanzo na mwisho.

Akili bandia nitaipitia haraka. Mchoraji anaweza kuijaribu akitaka, ila ajue kwamba Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, tangu Januari 2024 inawataka watengenezaji waeleze kama gemu ina vitu vilivyozalishwa na akili bandia, na kwamba ofisi ya hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyo na utunzi wa binadamu. Maana yake melodi ya gemu yao wanaweza kukosa nguvu ya kumzuia mtu mwingine asiichukue. Hoja hiyo mpelekee kwa upole, yeye mwenyewe ni mchoraji na suala hili linamhusu kuliko anavyodhani.

Ile karatasi usiisaini ilivyo. Kalamu yako ina akili.

Kumkabidhi mwenye gemu haki zote si wizi wenyewe. Kwenye kampuni kubwa ni jambo la kawaida, na sheria ya Marekani ina utaratibu ambao kazi ya aina hiyo huhesabiwa tangu mwanzo kuwa ni ya aliyeagiza. Lakini kule mtunzi analipwa, aidha mshahara au kiasi kinachokubaliwa kwa kila dakika ya muziki uliokamilika. Wenzako wanataka haki zote kama kampuni kubwa na kulipa kama marafiki. Wachague moja. Kama hawana kianzio, na naamini hawana, wape leseni: muziki unabaki wako, wao wanaruhusiwa kuutumia ndani ya gemu hii, matangazo yake na matoleo yake ya mashine nyingine, na wewe unaahidi kutompa mtu mwingine yeyote kwa ajili ya gemu. Wanapata kila wanachokihitaji. Kama wanataka kuumiliki moja kwa moja, waweke pesa mezani.

Neno "faida" litoe kabisa. Faida ni kinachobaki baada ya gharama, na gharama wanazihesabu wao. Kompyuta mpya ya programa itakuwa gharama. Omba asilimia ya mapato yanayowafikia baada ya duka la mtandaoni kukata fungu lake, ambalo kwa Steam kwa kawaida ni asilimia 30. Asilimia ndogo ya mapato ina thamani kuliko asilimia kubwa ya faida isiyokuja. Na iandikwe kwamba utaonyeshwa hesabu za mauzo kila baada ya muda mtakaokubaliana.

Kisha yaongezwe haya, hata kama ni kwa sentensi moja moja. Jina lako litokee kwenye orodha ya waliotengeneza gemu. Idadi ya mara watakazoruhusiwa kukurudishia kazi uirekebishe, maana bila hiyo utakuwa unabadilisha ngoma mpaka uzeeke. Nani ana haki ya kuuza albamu ya muziki wa gemu; hapo ng'ang'ania iwe wewe, au mgawane. Na mradi ukifa kabla gemu haijatoka, kila kitu kinarudi kwako, huru. Gemu nyingi za marafiki hufia njiani, na ni uchungu kuwa na melodi nzuri iliyofungiwa ndani ya gemu ambayo haipo.

Unaweza kujiuliza nani atajali muziki wa gemu ya watu watatu. Hujui, nao hawajui. Christopher Tin alitunga wimbo wa kufungulia gemu ya Civilization IV iliyotoka mwaka 2005, sala ya Baba Yetu ikiimbwa kwa Kiswahili hiki hiki tunachoandikiana. Mwaka 2009 akautoa tena kwenye albamu yake mwenyewe, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kwaya zinauimba mpaka leo, na wengi wa waimbaji hawajawahi kuicheza gemu hiyo. Karatasi uliyoletewa ingekunyima hata ruhusa ya kuurekodi upya wimbo wako mwenyewe.

Kitu kimoja ambacho mikataba ya marafiki huwa inakisahau: siku utakapotoa albamu mtandaoni, msambazaji atakuuliza kama unataka muziki wako usakwe kiotomatiki kwenye YouTube kwa mfumo wa Content ID. Kataa. Wachezaji hurekodi wakicheza na kuzipandisha video zao, na hilo ndilo tangazo kubwa ambalo gemu ndogo inaweza kulipata. Mfumo ule ukiutambua muziki wako kwenye video zao, mapato ya video yanaweza kuhamishiwa kwako au video ikazuiwa, na watu hao wataitupa gemu yenu na kwenda kurekodi nyingine. Kataa vilevile kutumia vipande vya ngoma vilivyo tayari ulivyopakua bure bila kusoma leseni yake. Kipande kile kile wamekipakua wengine, na mmoja wao akikisajili kama chake, video za wachezaji wenu ndizo zitakazodaiwa.

Usiogope kuonekana mwenye tamaa. Mwambie rafiki yako waziwazi kwamba unataka kuendelea, kwamba umeelewa kwa nini wimbo wa kwanza ulizimwa, na kwamba utawaletea sehemu moja tu ya majaribio: msitu, na ndege akija na kuondoka. Kinanda, filimbi, ngoma, na lile pigo fupi. Waiweke ndani, wawaite wale wale waliozima. Na kabla hujawapa mafaili hayo, waandikie kwamba haya na wimbo wa kwanza walio nao ni ya majaribio tu mpaka msaini karatasi mpya, wakujibu kwa maandishi kwamba wamekubali. Ujumbe wa simu unatosha kwa sasa, ila usiufute.